Kichezeo cha Mfugaji, Ubunifu wa Mtaalamu

Imezoeleka katika mahubiri, katika vikao vya wazazi na katika hotuba za viongozi wanaofika wilaya za Tarime na Serengeti kwa ziara ya siku moja, kuwa mwananchi wa kijijini anakemewa kwa kumaliza fedha zake kwenye vidude vya Kichina. Vinavyokemewa ni vifaa vidogo vya elektroniki vyenye umbo au matumizi yasiyo ya kawaida, ambavyo wamachinga huvipanga juu ya turubai siku za mnada na kando ya barabara ya Sirari, mpakani na Kenya: redio yenye tochi ubavuni na paneli ya sola mgongoni, kofia yenye feni, kiberiti kinachochajiwa kwa waya wa simu, taa inayojiwasha mtu anapopita. Imani inayobebwa na lawama hizo, kwamba vifaa hivyo ni vichezeo tu, ni potofu, na upotofu wake unaonekana mara moja anapotazamwa mshika kifaa badala ya kifaa chenyewe, kwa kuwa kitu kilekile kinachoitwa kichezeo mkononi mwa mfugaji huitwa ubunifu kinaposhushwa kutoka kwenye gari la mradi.

Tembo wanatosha kuwa ushahidi. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994, vimekesha miaka mingi vikilinda mahindi na mtama kwa madebe, kelele na mienge, na tochi zenye mwanga mkali zilipofika mnadani wakulima walizinunua kwa fedha zao wenyewe bila semina wala posho. Hakuna aliyewapongeza. Baadaye watafiti walijaribu kufukuza tembo kando ya hifadhi za Tarangire na Serengeti kwa ndege ndogo zisizo na rubani, yaani vyombo vinavyoruka kwa mapanga madogo ya umeme huku vikiongozwa kutoka ardhini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017 katika jarida la kisayansi, ikidhaniwa kuwa mvumo wa vyombo hivyo huwatisha tembo kwa kufanana na wa nyuki. Utafiti huo ulikuwa mzuri na hauna kosa. Hata hivyo, ni chombo kilekile ambacho kijana wa mji wa Mugumu akikirusha kupiga picha za harusi huulizwa kama hana kazi ya kufanya.

Ng'ambo ya mpaka yupo Richard Turere, mzaliwa wa jamii ya wafugaji wa Kimaasai kandokando ya Hifadhi ya Nairobi, ambaye akiwa na umri wa miaka 11 aliunganisha betri kuukuu ya gari, kisanduku cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi zilizovunjika, akapata taa zinazomemeteka kuzunguka zizi hadi simba wakadhani kuna mtu anatembea. Mwaka 2013 alilieleza jambo hilo jukwaani California na dunia ikampigia makofi. Balbu alizotumia zilitoka katika tochi za aina ileile inayodharauliwa, na inafaa kuuliza ni wangapi kati ya wanaomtaja leo kama mfano wa kuigwa wangemwambia, kabla ya safari hiyo, aache kuchezea takataka akachunge ng'ombe.

Zipo pia taa za sola zenye kihisio cha mwendo. Kihisio hicho ni kijicho kinachotambua joto la mwili linaloonekana kusogea mbele yake, kisha kuiamuru taa iwake. Hakitambui uso, hakihitaji intaneti, na hakilali. Katika eneo ambalo wizi wa mifugo umekuwa tatizo kiasi kwamba Tarime na Rorya zina mkoa wao wa kipolisi, taa ya namna hiyo juu ya mlango wa zizi ni mlinzi asiyedai mshahara. Mwenye duka mjini akiifunga juu ya mlango wake anasifiwa kwa kujali usalama, ilhali mfugaji wa Nyamongo akiifunga zizini anaambiwa amenunua pambo.

Wajapani, ambao katika mambo haya wana akili iliyonyooka kuliko wahubiri wengi, wana sanaa iitwayo chindogu, iliyoanzishwa na Kenji Kawakami, ya kubuni vyombo vya ajabu ambavyo karibu havina faida yoyote. Miongoni mwa kanuni zake ni kwamba chombo hicho kisiwe cha kuuzwa, hivyo hata kwa kipimo cha wataalamu wa upuuzi wenyewe, redio yenye tochi iliyonunuliwa Sirari haikidhi masharti ya kuitwa upuuzi. Historia nayo iko upande wa mnunuzi. Nokia ilipotoa modeli ya 1100 mwaka 2003, tochi iliyokuwa kichwani mwake ingeweza kuchukuliwa kuwa mzaha wa kiwandani, lakini simu hiyo ikauzwa kwa zaidi ya nakala milioni 250, na kwa Watanzania simu ndogo za aina hiyo zikabaki na jina la kitochi.

Hoja inayopendwa zaidi na wakosoaji ni kwamba fedha za vidude hivyo zingenunua mbuzi. Hesabu hiyo imefanywa na watu ambao ni wazi hawajauliza bei ya mbuzi tangu Uhuru, maana hata akikusanya redio, kofia ya feni na kiberiti, mnunuzi hafikii mguu wa nyuma. Wengine hudai kwamba redio ya memori kadi inawafanya vijana wavivu, kana kwamba kijana anayesikiliza litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, akiwa machungani, amefungwa miguu na muziki wa babu zake.

Inachosha zaidi kwamba lawama hizi zinatoka kwa watu walewale walioahidi umeme wa uhakika. Wakala wa Nishati Vijijini umefikisha nyaya katika vijiji vingi na kuunganishiwa kumegharimu shilingi 27,000, jambo la kushukuru, lakini mgao wa umeme uliodumu hadi mwanzoni mwa 2024 ulionyesha kuwa nguzo mlangoni si sawa na mwanga mezani, na usiku wa mgao hakuna aliyeonekana kuicheka taa ya sola ya jirani. Aliyeiuza taa hiyo ni machinga, ambaye mwaka 2018 aliletewa kitambulisho cha shilingi 20,000 kisha akaendelea kuhamishwa barabarani kama kawaida.

Baadhi ya vifaa ni vibovu, na dawa yake ni Shirika la Viwango Tanzania kuvipima, pamoja na halmashauri kuwapa mafundi wa Mugumu na Sirari vibanda vya kudumu, kwa sababu fundi ndiye anayetoa betri katika tochi iliyokufa na kuifufua redio kwayo. Mahubiri hayajawahi kubadilisha betri. Anayeshikilia kwamba vidude hivi ni vichezeo aende kijiji cha Robanda mahindi yanapokaribia kukomaa, apande dunguni pamoja na wenye shamba, akeshe nao hadi alfajiri, na tochi yake aiache nyumbani.