Mkasi wa Mtazamaji na Hatima ya Hadithi

Wapo wanaoshikilia kwamba filamu ikishatoka studioni na kuonyeshwa ukumbini, basi imekwisha kufungwa, na hakuna mwenye idhini ya kuifungua ila yule aliyeitengeneza. Mimi siafikiani nao. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa watazamaji wa kawaida, hasa wapenzi wa filamu za bunilizi ya kisayansi, wamekuwa wakizitwaa filamu wazipendazo, wakazikata kwa kompyuta, wakazipanga upya na kuwapitishia wenzao. Naomba walimu wenzangu wa fasihi, pamoja na wanafunzi wetu, tulitazame jambo hili kwa makini, kwani limebeba somo la msuko na wahusika ambalo miongozo mingi ya vitabu teule haijalifikia.

Mfano uliovuma kuliko yote ulitokea Marekani. Mwaka 1999 mwelekezi George Lucas alitoa The Phantom Menace, filamu iliyongojewa kwa hamu na ghamu kwa vile ilikuwa imepita miaka 16 tangu filamu ya tatu ya msururu wake wa Star Wars. Wengi walitoka ukumbini wamenuna. Muda si muda, zikaanza kupita mkono kwa mkono kanda za video zenye filamu hiyo hiyo iliyopunguzwa karibu dakika 20. Aliyeikata hakujitambulisha mwanzoni. Baadaye ikabainika kuwa ni Mike J. Nichols, mhariri wa filamu wa California. Toleo lake likapewa jina la The Phantom Edit.

Alifanya nini bwana huyu? Hakupiga picha mpya wala hakuajiri mwigizaji. Aliandika upya maneno ya utangulizi yanayopanda kwenye skrini, akapunguza mizaha ya kiumbe aitwaye Jar Jar Binks, akafupisha mijadala ya siasa na kodi, na akamfuta mtoto Anakin vilio vyake vya kitoto. Hili la mwisho ndilo lililonivutia. Anakin ndiye atakayekua na kuwa Darth Vader, jabari wa filamu zilizotangulia kutolewa. Katika filamu ya Lucas, mtoto huyu analipua merikebu ya adui angani kwa bahati tu, huku akipayuka kama aliyeangusha sahani. Ondoa mpayuko huo mmoja na ajali inaanza kufanana na kitendo cha kukusudia. Mtoto aliyekuwa akichekesha sasa anatia hofu kidogo, nasi twaanza kumwona Vader ndani yake. Sentensi haikuongezwa hata moja, lakini mhusika amegeuka.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya mkasi. Mwandishi hubadilisha maana kwa kuongeza neno. Mkataji huibadilisha kwa kunyamazisha. Na kwa kuwa kila picha iliyosalia ni ya kweli, yaani ilipigwa na mwelekezi mwenyewe, mtazamaji mgeni hana njia ya kujua kwamba hadithi aliyoipokea si ile iliyotumwa, isipokuwa aambiwe.

Hata hivyo, asije mtu akadhani kwamba hatari hii inatoka kwa mashabiki peke yao. Mkataji ninayemlalamikia zaidi ni Lucas mwenyewe. Katika filamu ya kwanza ya mwaka 1977, mna mfanyamagendo aitwaye Han Solo ambaye anadaiwa na jambazi mkubwa. Mdai anamtuma Greedo, msaka watu kwa malipo, naye anamkuta Han katika kilabu cha pombe na kumkalia mezani, silaha mkononi. Wakiwa wanazungumza, Han anachomoa yake chini ya meza polepole, anafyatua, na Greedo anaanguka. Basi. Huyo ndiye Han tunayekabidhiwa: mtu baridi, mwenye kuipenda roho yake na fedha zake. Ndiyo maana, vita vikali vinapokaribia na yeye akaondoka na malipo yake, hatushangai. Na ndiyo maana anaporudi dakika ya mwisho kumwokoa Luke, ukumbi mzima hushangilia. Mtu amebadilika mbele ya macho yetu.

Mwaka 1997 Lucas alitoa toleo maalumu la filamu hiyo. Humo, Greedo ndiye anayefyatua kwanza, tena anakosa ilhali wamekaa meza moja, ndipo Han anapojibu. Toleo la mwaka 2004 likazifanya silaha mbili zilie karibu kwa pamoja. Ni tofauti ya kufumba na kufumbua, lakini mjangili amegeuzwa muungwana aliyejitetea. Ikiwa Han alikuwa mwema tangu mwanzo, kurudi kwake mwishoni kunatufunza nini? Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyesoma juu ya ukuaji wa mhusika anaweza kulijibu swali hilo bila msaada wangu.

Kinachonikera hasa si badiliko hilo, kwani msanii ana haki ya kuirudia kazi yake. Kinachonikera ni kulificha toleo la kwanza. Lucas huyu huyu alifika mbele ya Kongresi ya Marekani mwaka 1988 kupinga filamu za zamani kubadilishwa na matajiri wanaozimiliki, wakati baadhi yao walikuwa wakizitia rangi filamu za nyeusi na nyeupe. Mwaka 1989 Star Wars ilikuwa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuteuliwa na Maktaba ya Kongresi ili zihifadhiwe kwa ajili ya vizazi. Lakini baada ya 1997 aliyetaka kuiona kama ilivyoonyeshwa mwaka 1977 alipata taabu. Mwaka 2006 iliuzwa kama nyongeza tu katika diski, tena kwa picha hafifu.

Walioziba pengo hilo ni mashabiki. Mwaka 2011 kijana mmoja wa Jamhuri ya Cheki alisambaza toleo aliloliunga kwa subira kutoka vyanzo mbalimbali, akiondoa nyongeza za Lucas moja baada ya nyingine mpaka akaikaribia sura ya mwanzo. Wengine baadaye waliitafuta mikanda ya sinema ya milimita 35 iliyosalia, wakaingiza picha zake katika kompyuta. Kumbe mkasi unaweza pia kuhifadhi! Na Juni 2025, nakala ya mwaka 1977 ilipoonyeshwa London, watu waliifuata kama mtu aendaye kumwona jamaa aliyepotea miaka mingi.

Kuna wasiokata kabisa, bali hupanga tu. Mmarekani mmoja alipendekeza mwaka 2011 kwamba filamu sita za Lucas zitazamwe hivi: kwanza ya 1977 na ya 1980, kisha ya 2002 na ya 2005, na mwisho ya 1983. Ile ya 1999 iachwe nje. Filamu ya 1980 inakaribia kumalizika Luke anapoambiwa na Vader kwamba yeye ndiye baba yake. Kwa mpangilio huu, siri ikishafichuka tunarudishwa nyuma kuona jinsi baba alivyopotoka, ndipo tunarejea kuona kama mwana atamfuata. Hiyo ni mbinu rejeshi, tena iliyotumiwa mahali panapostahili. Anayetazama kwa kufuata umri wa wahusika huijua siri mapema, na taharuki yote inamponyoka.

Sisemi kwamba kila mkato huleta nafuu. Januari 2015 Steven Soderbergh, ambaye ni mwelekezi mashuhuri, aliweka mtandaoni toleo lake la 2001: A Space Odyssey, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968, akiwa ameipunguza hadi dakika 110 hivi. Akaombwa aiondoe, akaiondoa. Nampenda Soderbergh, lakini Kubrick alitaka tuchoke. Anga ni pana na safari ni ndefu. Ukizipunguza pumzi na kimya cha wale wanaanga, unabaki na kisa cha kompyuta iliyoua watu.

Na sisi huku tuna jamaa wa karibu wa sanaa hii. DJ Afro ameburudisha vibanda vya video vya Kenya kwa miaka mingi akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Yeye haigusi picha. Hukata kwa sauti, akamfanya jambazi wa Hong Kong azungumze kama jirani wa mtaani.

Lakini lipo toleo moja ambalo walimu hatuna budi kulijua, ingawa halipendezi. Mwaka 2018 mtu mmoja aliichukua The Last Jedi, filamu ya Star Wars ya mwaka 2017 yenye dakika 152, akawatoa wanawake karibu wote au akawapunguzia maneno. Aliwachukia majemadari wa kike waliowaamrisha wanaume. Kilichobaki kilikuwa cha dakika 46. Wapo wanaotaka upuuzi kama huu ufungiwe. Mimi naona ufundishwe, kwa sharti kwamba filamu kamili iwe kando yake, ili wanafunzi waandike majina ya waliofutwa, kazi waliyokuwa wakiifanya katika hadithi, na jinsi msuko unavyochechemea bila wao.

Sharti hilo ndilo nisilolilegezea kwa yeyote, awe shabiki au mwenye mali: akataye aseme amekata, asiuze kilicho cha mwenzake, na toleo la kwanza lisifichwe. Vijana wetu wana simu zinazoweza kuhariri picha, na wanakata kila siku bila mwongozo. Anayetaka pa kuanzia aanze na meza ile ya Han na Greedo, ya 1977 na ya 1997, zikifuatana. Zote mbili hazizidi dakika chache, na kipindi cha dakika 40 chatosha kuzitazama mara mbili na kuzijadili.