Biashara ya Nyumbani: Msimbo wa QR na Lebo Isiyochapwa Mara Mbili

Wino ukisha kukauka juu ya karatasi haurudi tena chupani. Jambo hilo wanalijua vema akina mama na akina baba wafanyao biashara ndogo ndogo majumbani. Si mara moja wala mbili mtu amemlipa mpiga chapa lebo elfu moja, kisha mwezi uliofuata akabadili nambari ya simu au bei ya bidhaa, na lebo zile zote zikawa karatasi za kuwashia moto. Siku hizi iko njia ya kupunguza hasara hiyo. Lakini njia yenyewe ina mtego wake, na yafaa ujulikane mapema, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Njia hiyo ni ile alama ya mraba yenye vijisanduku vyeusi na vyeupe, iitwayo msimbo wa QR, ambayo mteja huielekezea kamera ya simu yake na mara akafunguliwa ukurasa wa maelezo. Msimbo huu haukuzaliwa kwa ajili ya matangazo. Ulibuniwa mwaka 1994 nchini Japani na Masahiro Hara pamoja na wenzake wa kampuni ya Denso, itengenezayo vipuri vya magari. Viwandani misimbo ya mistari ilikuwa imewachosha wafanyakazi, kwani mmoja uliweza kubeba herufi zipatazo 20 tu, hata ikabidi sanduku moja libandikwe misimbo kadhaa. Huu mpya waweza kubeba tarakimu 7,089. Herufi QR ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya jibu la haraka. Wenyewe waliobuni waliuachia utumike bila malipo, na hiyo ni sababu moja kubwa ya kuenea kwake.

Yafaa ieleweke kwamba misimbo hii iko ya namna mbili, ijapokuwa kwa macho inafanana. Namna ya kwanza ni msimbo tuli. Huu umebeba habari yenyewe ndani ya vijisanduku vyake: nambari ya simu, maneno, au anwani ya ukurasa. Habari hiyo ikibadilika, hapana budi msimbo mwingine uchapwe. Namna ya pili ni msimbo badilifu. Huu haubebi habari ya mwisho, bali hubeba anwani fupi tu. Anwani hiyo ni kama tarishi aliyekaa njia panda: mgeni akifika, tarishi humwelekeza mwenye duka alikohamia. Mwenye duka akihama tena, humwarifu tarishi, na alama iliyochapwa hubaki vile vile.

Achukuliwe kwa mfano mama auzaye siagi ya karanga aliyoisaga mwenyewe. Lebo ya chupa yake ni ndogo, haina nafasi ya kueleza mapishi wala orodha ya maduka. Akiweka msimbo badilifu, mwezi huu ataupeleka kwenye mapishi ya mchicha wa karanga, na mwezi ujao kwenye orodha ya maduka mapya, bila kurudi kwa mpiga chapa. Tena ataweza kuona ni mara ngapi msimbo umefunguliwa na siku zipi, hata akajua kama vipeperushi alivyogawa sokoni vimezaa matunda au vimetupwa.

Basi mtego uko wapi? Uko kwa yule tarishi. Mara nyingi tarishi si wa mwenye duka, bali ni wa kampuni ikodishayo huduma hiyo kwa ada ya mwezi au ya mwaka. Zingine hutoa siku chache za majaribio bila malipo, na mteja huchapa lebo zake kwa furaha. Siku zikiisha, au ada isipolipwa, au kampuni yenyewe ikifungwa, tarishi huondoka njia panda. Hapo chupa mia tano zilizokwisha kuuzwa zinabaki na alama isiyompeleka mtu popote. Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Hata wakubwa wamepatwa na mkasa wa jinsi hii. Nchini Ujerumani kampuni ya Heinz ilichapa msimbo kwenye chupa za sosi ya nyanya kwa ajili ya shindano la kubuni lebo, lililofanyika kati ya mwaka 2012 na 2014. Shindano lilipokwisha, jina la tovuti yake likaachwa bila kulipiwa, na mtu mwingine akalichukua. Lakini sosi haiishi siku moja na shindano. Chupa zilikuwa bado kabatini. Mwaka 2015 mteja mmoja akaielekezea chupa yake simu, akafunguliwa tovuti ya picha chafu. Kampuni ililazimika kuomba radhi hadharani. Msimbo haukuwa na kosa lolote. Lililoachwa ni ile anwani ambayo msimbo ulikuwa ukielekeza.

Kwa hiyo swali la kwanza si jinsi msimbo utakavyopambwa, bali ni nani mwenye anwani iliyo ndani yake. Aliye na tovuti yake mwenyewe, hata ikiwa ya ukurasa mmoja, huenda asihitaji kukodi tarishi. Msimbo tuli unaoelekea ukurasa huo unatosha, kwani ukurasa ndio unaohaririwa, nayo alama haiguswi. Anayetaka huduma ya kukodi na atafute ile inayokubali kutumia jina la tovuti alilolisajili yeye mwenyewe. Akikosana na kampuni hiyo, atalichukua jina lake na kulielekeza kwingine, na lebo zake zitaendelea kufanya kazi.

Uchapaji nao una kanuni zake. Anwani iwe fupi, maana kadiri maneno yanavyozidi ndivyo vijisanduku vinavyozidi: msimbo mdogo kabisa una vijisanduku 21 kila upande, na mkubwa kabisa una 177. Kwa lebo ishikwayo mkononi, upande usipungue sentimita 2. Kwa bango, upande uwe kama sehemu moja ya kumi ya umbali. Atakayesimama mita 2 ahitaji msimbo wa sentimita 20. Kuzunguka alama yote iachwe nafasi tupu yenye upana wa vijisanduku 4, na rangi nzito iwe juu ya rangi nyepesi. Msimbo ulioandaliwa kwa kiwango cha juu cha kujisahihisha husomeka hata kama karibu asilimia 30 yake imeharibika, jambo lifaalo kwa chupa ipakwayo mafuta jikoni. Na kabla ya kuagiza elfu, ichapwe moja, ijaribiwe kwa simu mbili tatu, ikiwemo ya zamani.

Mabango ya nje yakaguliwe mara kwa mara. Mnamo Januari 2022 mjini Austin, jimbo la Texas, Marekani, viligunduliwa vibandiko vya misimbo ya ulaghai juu ya mashine za kulipia maegesho, vimewekwa ili kuwaibia wenye magari. Kibandiko cha mwizi chaweza kufunika alama ya mfanyabiashara mwaminifu, naye akalaumiwa yeye.

Hali kadhalika, yale ambayo mlaji hana budi kuyajua yasifichwe ndani ya msimbo. Viungo, uzito, tarehe ya mwisho wa kutumiwa na nambari ya simu vichapwe kwa maandishi ya kawaida, kwani wako wengi wasio na simu ya kamera, na wengine wanayo lakini haina chaji.

Mwisho, siku ya kulipia jina la tovuti iandikwe katika daftari la nyumbani, pamoja na ada ya shule na kodi ya chumba, tena iandikwe mwezi mmoja kabla. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chupa ya siagi ya karanga yaweza kukaa kabatini kwa jirani mwaka mzima, na siku atakapoielekezea simu yake, atatarajia kumkuta mwenyewe aliyeisaga.