Habari na Bei

Wasomaji wenzangu, sisi tukaao Kiboriloni twafahamu kwamba habari yaweza kubadili bei kabla kitu chenyewe hakijabadilika. Babu yangu hunisimulia mambo ya Julai 1975, baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil. Kahawa iliyokuwa ghalani siku ile haikupungua hata punje moja, lakini bei yake katika soko la dunia ilianza kupanda mara, kwa kuwa wanunuzi waliyahofia mavuno ya miaka ijayo.

Ndivyo ilivyo kwa makampuni yatengenezayo dawa. Kampuni huuza sehemu za mali yake, ziitwazo hisa. Dawa huchukua miaka mingi na fedha nyingi kabla ya kufika dukani. Kwa hiyo anunuaye hisa mapema hununua tumaini. Tarehe 20 Juni 2024 kampuni ya Gilead ya Marekani ilitangaza matokeo ya majaribio ya lenacapavir, sindano ya kukinga virusi vya UKIMWI, ichomwayo mara mbili kwa mwaka. Siku ile ile hisa zake zilipanda bei, ingawa dawa ilikuwa bado haijaruhusiwa kwa kazi hiyo.

Je, kila tangazo liaminiwe? Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Katika mambo ya dawa, mimi nasema sivyo. Mwaka 1990 ilitangazwa Nairobi kwamba dawa iitwayo Kemron yawafaa sana wagonjwa wa UKIMWI. Wengi walifurahi, lakini uchunguzi uliofuata haukuonyesha faida hiyo. Tangazo la 2024 lilikuja na hesabu yake: kati ya wanawake na wasichana 2,134 waliopewa sindano, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa; kati ya 1,068 waliopewa vidonge vya zamani, 16 waliambukizwa. Hiyo ndiyo tofauti ya habari na uvumi.

Lakini liko jambo jingine. Waliojitolea walikuwa wa Uganda na Afrika Kusini, wenye umri wa miaka 16 hadi 25, yaani rika letu na dada zetu. Wao walitoa miili yao. Faida ya siku ile waliipata wenye hisa. Mwaka 2025 dawa hiyo ilipangiwa huko Marekani bei ya zaidi ya dola 28,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Ni kweli kwamba Oktoba 2024 kampuni iliruhusu viwanda sita kuitengeneza kwa bei nafuu kwa ajili ya nchi 120, na hilo ni la kusifiwa. Hata hivyo, nadhani ahadi ya namna hiyo, pamoja na bei yenyewe, yapasa iandikwe kabla majaribio hayajaanza.

Basi, wenzangu, msikiapo kwamba hisa za kampuni fulani zimepanda kwa sababu ya dawa mpya, ulizeni: Wamejaribiwa watu wangapi? Wamelinganishwa na nani? Na hao waliojaribiwa watapata nini? Bei yatuambia watu wanatumaini nini. Haituambii kama mgonjwa atapona.