Pikipiki Ikigonga Mbele, Isikilizwe Kwanza

Ko! Ko! Ko! Hiyo ni sauti ya pikipiki ya kijana mmoja wa kijijini kwetu. Ikipita juu ya jiwe, inagonga. Ikiingia korongoni, inagonga. Kijana akikamata breki ya mbele, inagonga mara moja, kisha inanyamaza. Sisi tunaokaa kando ya barabara tulikuwa tunajua kuwa ni yeye kabla hatujamwona.

Kijana huyo ni bodaboda. Huwabeba wagonjwa kwenda zahanati, na watoto kwenda shule. Sauti ilipoanza alikwenda kwa fundi. Fundi hakuigusa pikipiki. Alisikia tu maneno "inagonga mbele," akajibu, "Shokapu zimekufa. Lete mpya." Kijana aliuza magunia mawili ya mahindi. Shokapu mpya zikafungwa, zikang'aa kama kioo. Akaondoka kwa furaha. Alipofika kwenye daraja la kwanza, pikipiki ikasema: ko!

Sisemi kuwa fundi yule ni mwizi. Nasema alikisia. Na sisi wenye pikipiki tumezoea kulipia makisio ya watu. Hilo silikubali. Maoni yangu ni haya: mtu asinunue kifaa chochote cha mbele mpaka ameona kwa macho yake, au amegusa kwa vidole vyake, mahali palipolegea. Kazi hiyo haihitaji fedha. Inahitaji watu wawili, mahali tambarare, na muda wa kuchemsha chai.

Wengine watasema, "Mimi si fundi, nitajuaje?" Ndugu zangu, mkulima si daktari wa mifugo, lakini ng'ombe wake akichechemea humshika mguu akamtazama kwato. Hamkimbilii muuza dawa kabla hajajua ni mguu upi.

Swali la kwanza ni hili: sauti ilianza lini? Kama ilianza baada ya kuziba pancha, usitafute mbali. Gurudumu lilitolewa, likarudishwa. Huenda nati ya gurudumu haikukazwa. Kuna jambo jingine lililo baya zaidi. Kwenye pikipiki nyingi ndogo zenye breki ya ngoma, mguu mmoja wa shokapu una jino la chuma. Jino hilo huingia katika mfereji ulio kwenye bamba la breki. Kazi yake ni kulizuia bamba lisizunguke unapokamata breki. Mtu mwenye haraka anaweza kulirudisha gurudumu bila kuliingiza jino mahali pake. Ukikamata breki, bamba litazunguka, waya wa breki utavutwa, na gurudumu linaweza kukwama ghafla. Mpanda pikipiki atarushwa mbele. Kwa hiyo kila gurudumu la mbele likitolewa, inama ulitazame jino hilo wewe mwenyewe. Usimwachie mtoto wa gereji.

Swali la pili: inagonga wakati gani? Endesha polepole kwenye barabara mbovu, ukiwa umegusa breki ya mbele kidogo tu. Sauti ikipotea, basi shaka kubwa iko kwenye breki. Kama ni breki ya diski, huenda pedi zinacheza au bolti zake zimelegea. Sauti ikiendelea vile vile, tafuta kwingine. Tazama kwanza vitu vidogo: madigadi, taa, kibao cha namba. Bolti moja ya madigadi ikilegea hupiga kelele kuliko shokapu mbovu. Nimewahi kumwona mtu akihangaika siku tatu, na kilichogonga kilikuwa ni kufuli aliyoitundika kwenye usukani. Tulicheka sana, naye akacheka.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Sauti nyingi za mbele zinazoitwa za shokapu hutoka shingoni. Shingo ni pale usukani unapoingia kwenye fremu. Ndani yake kuna vikombe vya chuma, juu na chini, na kati yake kuna gololi zilizopakwa grisi. Gololi hizo ndizo zinazoufanya usukani ugeuke kwa wepesi. Maji ya mvua yakiingia, au grisi ikikauka, gololi hula vikombe. Nafasi hutokea. Nafasi ikitokea, kila jiwe linaigonga shingo.

Namna ya kupima ni hii. Kaa juu ya pikipiki, ukamate breki ya mbele kwa nguvu. Sukuma mbele, vuta nyuma. Mwenzako aweke vidole chini ya shingo, pale fremu inapokutana na kile chuma kinachoshika miguu ya shokapu. Kama panacheza, vidole vitasikia. Halafu simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, na mtu mmoja akalie nyuma ili gurudumu la mbele liinuke. Shika miguu ya shokapu kwa chini, uvute na kusukuma. Kisha geuza usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiona katikati usukani unanasa kana kwamba umetumbukia kishimoni, jua kwamba gololi zimekwisha kuchimba vikombe.

Hapa mafundi wengi hukosea kwa mara ya pili. Wanaikaza nati ya shingo kwa nguvu zote. Kweli sauti hunyamaza. Lakini usukani huwa mzito, na pikipiki huyumba kama mlevi, hasa ikienda polepole. Shingo iliyokazwa vizuri haichezi, tena haizuii. Gurudumu likiwa juu, usukani ukisukumwa kidogo tu hulala wenyewe upande mmoja. Na vikombe vilivyochimbika haviponi kwa kukazwa. Hubadilishwa, vikombe na gololi zake kwa pamoja.

Kabla hujaishusha, kamata gurudumu lenyewe juu na chini, ulitikise kushoto na kulia. Kama linacheza na nati imekazwa, beringi za gurudumu zimechoka.

Je, shokapu haziharibiki? Zinaharibika sana. Barabara zetu tunazijua. Ndani ya kila mguu kuna springi na oili. Springi hubeba uzito. Oili hupita kwenye matundu madogo, nayo hulipunguza kasi gurudumu linapopanda na kushuka. Mwaka 1935 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki aina ya R12 na R17 zenye shokapu za mbele za namna hii, bomba ndani ya bomba na oili ndani yake. Tangu siku hizo mpango ni ule ule hata kwenye pikipiki zetu za mizigo. Oili ikipungua, springi hubaki peke yake. Ndipo chuma hugonga chuma, chini gurudumu linapoingia shimoni, au juu linapotoka.

Ugonjwa huu una alama. Pitisha kidole kwenye bomba linalong'aa, juu kidogo ya sili. Kidole kikitoka na oili na vumbi, sili inavuja. Bonyeza usukani chini kwa uzito wako, kisha uachie. Shokapu nzima hurudi kwa utulivu. Iliyokosa oili huruka kama mpira. Lakini hata hapo usikimbilie kununua shokapu nzima. Mara nyingi sili mbili na oili mpya zinatosha, ikiwa bomba halijapinda wala halijaliwa na kutu.

Juu ya oili nina ugomvi wa siku nyingi. Nimemwona fundi akimimina ndani ya shokapu oili chafu iliyotoka kwenye injini. Mwingine hutia oili nzito, akisema, "Hii itaua sauti." Oili nzito mno haipiti vizuri kwenye yale matundu. Shokapu inakuwa ngumu kama gogo. Gurudumu linarukaruka juu ya mawe, na gurudumu lililo hewani halishiki breki. Sauti imekufa, lakini hatari imezaliwa.

Kumbe jibu limo katika kile kitabu kidogo kilichokuja na pikipiki. Wengi tumekiweka sandukuni, au watoto wamekichana. Mara nyingi kimeandikwa kwa Kiingereza, hilo najua. Lakini namba zake ni zile zile tulizojifunza darasani. Aina ya oili imeandikwa kwa namba. Kiasi chake kimeandikwa kwa mililita, na kila mguu hutiwa kiasi kile kile. Mpelekee fundi ukurasa huo. Simama karibu naye anapopima. Kama hana chombo cha kupimia, kaazime chupa ya dawa yenye alama, iliyooshwa. Fundi mzuri hatakasirika.

Nirudi kwa kijana wetu. Siku moja, baada ya kufunga zile shokapu mpya, alimbeba mama mmoja mjamzito kumpeleka zahanati. Walipofika kwenye mteremko, pikipiki iligonga mara mbili.

Mama akauliza, "Mwanangu, hicho kinachogonga ni nini?"

"Usiogope, mama. Ni kelele tu."

"Kelele ya nini?"

Kijana hakuwa na jibu. Mama akasema, "Basi nishushe. Nitatembea." Akashuka na kanga yake, akatembea mpaka chini ya mteremko. Habari ilipofika kijijini watu walimcheka. Walisema ni mwoga. Mimi sikucheka. Kati ya wote tuliokuwa tunaisikia ile sauti kila siku, ni yeye peke yake aliyeuliza ni ya nini. Abiria ana haki ya kuuliza, na dereva asiyejua jibu hapaswi kubeba mtu. Asikasirike akiambiwa hivyo. Asimamishe kazi asubuhi moja, apime.

Kijana alikuja kwangu jioni ile ile, amenuna. Tuliisimamisha pikipiki chini ya mwembe. Mimi niliweka vidole shingoni, yeye akakamata breki, akasukuma. Ilicheza kama jino la mtoto. Siku ya pili tulifungua. Gololi nyingine zilikuwa zimevunjika, na vikombe vilikuwa na mashimo kama ubao wa bao. Vikombe vipya na gololi zake havikufikia hata bei ya gunia moja.

Zile shokapu za zamani bado ziko nyumbani kwake, amezifunga katika kiroba. Juzi tulizitoa tukazikagua. Hazivuji, hazijapinda. Ni nzima.