Mwaka Kogwa si ngoma ya watalii, ni kalenda!

Najua nimepotea. Bumu lilichelewa, semina zikabanana, na mwenye kompyuta chumbani kwetu alikuwa na ripoti yake ya kumalizia. Leo nimeiazima kwa saa moja, na saa hiyo naitumia yote kulalamika, mnisamehe.

Juzi pale kwenye kimbweta ulizuka ubishi kuhusu Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Mimi ni mtoto wa Kusini Unguja, kwa hiyo mnaelewa nilivyokaa. Mmoja akasema ni haramu, mabaki ya ujahili, Muislamu hana sikukuu ya tatu. Wa pili, huyu anasoma historia na anapenda tujue hivyo, akasema ni mambo ya Waajemi, wala si yetu, Wazanzibari tunajipachika Ushirazi tu. Wa tatu akacheka: "Si ile ya watu kuchapana na migomba huku wazungu wanapiga picha?" Wasomi watarajiwa wa nchi hii! Walimu wa kesho! Na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mtoto wa darasa la nne angeuliza: kwa nini siku ile, na si nyingine?

Kwa wasioijua, niieleze kwa kifupi. Ni mwaka mpya, Siku ya Mwaka, na jina lake la kitabuni ni Nairuzi. Kukoga ni kuoga, unauosha mwaka. Wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini wanachapana kwa vipande vya migomba mpaka hasira za mwaka mzima ziishe, wanawake wanapita na nyimbo zao, wengine zina maneno makali kweli. Kuna kibanda cha makuti kinachomwa moto na mtu yumo ndani, anachomoka mbio. Baadaye watu wanakula, na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo inahesabiwa imekosa baraka. Askofu Steere wa misheni ya Unguja, katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, aliandika kwamba watu walikwenda kuoga baharini, wakazima moto wa majumbani na kuuwasha upya kwa kupekecha vijiti, na kwamba zamani ugomvi ulikuwa unamalizwa siku hiyo bila mtu kuulizwa, hata damu ikimwagika. Kwa hiyo ile migomba ni maendeleo, msicheke.

Hapo ndipo picha za watalii zinapoishia. Lakini Siku ya Mwaka ni siku ya kwanza ya hesabu, na hesabu yenyewe ndiyo mali.

Hesabu ni hii. Mwaka una siku 365. Unagawanywa kwa makumi, kila kumi ni mwongo, miongo 36, halafu zinabaki siku tano za kuunganishia. Basi. Hakuna miezi, hakuna Februari ya kubahatisha. Ukitaka kujua uko wapi katika mwaka unasema ni siku ya ngapi ya mwongo wa ngapi. Bibi yangu hajawahi kushika kalamu, lakini ukimuuliza ghafla anakujibu, na hakosei. Mwaka ukiingia katikati ya Julai, miongo tisa baadaye uko katikati ya Oktoba, mvua za vuli ziko mlangoni, shamba liwe limeshafyekwa. Mvuvi naye anahesabu hivyo hivyo kungojea kusi ipungue na kaskazi ianze. Tena kwa kuwa 365 ni wiki 52 na siku moja, kila mwaka unaanza siku moja mbele ya uliopita, na ndiyo maana pwani miaka iliitwa kwa siku, mwaka Ijumaa, mwaka Jumamosi, ukizunguka saba unarudi ulipoanzia.

Sasa nimjibu ndugu yangu wa haramu, na namjibu kwa heshima maana ni mtu wa swafu ya kwanza. Fatwa ya mizimu na kibanda cha moto nawaachia masheikh, si kazi yangu. Lakini kalenda tuizungumze. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Kila mwaka unarudi nyuma siku kumi na moja hivi, ndiyo maana Ramadhani leo iko kwenye joto, kesho kwenye masika. Kwa ibada ni sawa kabisa. Kwa kupanda mtama? Ukisema "nitapanda Rajabu", miaka kumi baadaye unapanda kiangazi. Kwa hiyo Waislamu kila mahali walihitaji hesabu ya jua pembeni ya hesabu ya mwezi. Wakulima wa Misri walitumia miezi ya Kikopti, na hawakuwa Wakristo kwa hilo. Ahmad ibn Majid, nahodha mkubwa wa karne ya 15 na Muislamu safi, aliandika majira ya kusafiri kwa kuhesabu siku baada ya Nairuzi. Na wewe ndugu yangu ukijaza fomu ya mkopo unaandika Januari, mwezi wenye jina la Janus, mungu wa Warumi, na hujawahi kutubu.

Wa historia ndiye aliyeniudhi zaidi, kwa sababu yeye alitakiwa kujua. Neno ni la Kiajemi, ndiyo, "siku mpya". Uhusiano na Waajemi upo pia, msikiti wa Kizimkazi, si mbali na Makunduchi, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Lakini "meza" ni neno la Kireno, na sijamsikia akikataa kulia mezani. Halafu aniambie: kama ni sikukuu ya Iran tuliyoibeba tu, mbona Iran wanasherehekea tarehe 20 au 21 Machi na sisi Julai?

Jibu ni tamu kuliko ubishi wake. Hesabu ya zamani ya Waajemi ilikuwa siku 365 kavu, haina mwaka mrefu. Mwaka wa jua una karibu robo siku zaidi, kwa hiyo hesabu hiyo inateleza siku moja kila miaka minne. Mwaka 1079, enzi za Sultani Malik Shah, wanajimu, Omar Khayyam akiwemo, waliirekebisha na kuifunga kwenye siku ya Machi ambayo usiku na mchana vinalingana. Mabaharia wa Bahari ya Hindi hawakufuata, waliendelea na ile ya zamani. Na Waparsi wa India pia. Wengi wao mwaka mpya wao unaangukia Agosti, na kundi lao dogo mwezi mmoja kabla, yaani Julai, jirani kabisa na Makunduchi. (Waparsi tulikuwa nao Unguja, Freddie Mercury alizaliwa kwao hapo mwaka 1946.) Kwa maneno mengine Makunduchi wanashika hesabu ambayo Iran yenyewe iliiacha zaidi ya miaka 900 iliyopita. Hiyo ndiyo "si yetu" ya mwenzetu.

Na huhitaji kuniamini, chukua kalamu. Steere aliiweka siku hii mwishoni mwishoni mwa Agosti. Imepita zaidi ya miaka 150. Gawa kwa nne, unapata kama siku 38. Rudi nyuma siku 38 kutoka hapo, unatua katikati ya Julai. Ndipo ilipo! Rudi mpaka enzi za Ibn Majid, unaikuta Novemba. Kwa hiyo na wale wanaosema ni sherehe ya mavuno tangu enzi na enzi nao wakae chini, haikuwa Julai tangu enzi na enzi. Inateleza siku kumi kwa miaka arobaini, polepole kiasi kwamba mkulima anarekebisha hesabu yake kidogo na mtoto wake anarekebisha kidogo.

Kwa hiyo ukiona tangazo la hoteli linataja tarehe ile ile ya Julai mwaka baada ya mwaka, jua aliyeliandika hajui anauza nini. Na hiki ndicho kinachonitia hofu, si wazungu na kamera zao. Siku watakapoamua kuifunga tarehe moja ili ndege na vyumba vipangwe mapema, migomba itabaki, nyimbo zitabaki, kibanda kitachomwa vizuri tu, na hesabu itakuwa imekufa bila mtu kuona. Wanaoijua ni wazee. Vijana wa rika langu kule wanajua kuchapana, waulize mwongo wa ngapi leo wanakutazama.

Sisi tunasomea ualimu. Tumefundishwa kufundisha Papa Gregori na siku kumi alizozifuta mwaka 1582, na ni sawa, nitazifundisha. Lakini somo zima la kugawanya, baki, mwaka mrefu, pepo za msimu na biashara ya Bahari ya Hindi liko Makunduchi, bure, kwa Kiswahili, na hatulitaki kwa sababu mmoja anaona haramu, mmoja anaona ugeni, na mmoja anaona kichekesho.

TP yangu mwaka huu nimeomba nipangiwe Unguja. Ratiba ya shule ikinipa vipindi viwili vya hesabu kwa wiki, kimoja ni cha miongo, na nimeshamwambia bibi atakuja yeye kufundisha. Amekubali kwa sharti nimtafutie kanga mpya, na bumu, kama nilivyosema, bado.