Tuwapunguzie Kazi Wanaotulinda

Ndugu wananchi wa Bunia, usiku unapoingia na Boulevard de Libération ikaanza kubaki tupu, wanamoto wa mwisho na pikipiki zao wakikimbilia Mudzipela na Lumumba, ni nani anayebaki nje? Sisi tunaingiza watoto, tunakomea mlango, tunalala. Kwenye njia panda kuna mtu mwenye koti la mvua na silaha begani, anatembea huku na huku mpaka kuche. Naye ana mke na watoto waliokomea mlango mahali fulani, pengine kwenye avenyu yako mwenyewe.

Mara ya mwisho ulimwambia asante lini?

Sisi wa mji huu tunajua maana ya kulindwa, kwa sababu tumewahi kukosa ulinzi. Waliokuwa watu wazima mwaka 2003 hawahitaji kusimuliwa. Polisi mamia kadhaa walikuwa wametumwa kutoka Kinshasa, lakini walikuwa wachache mno mbele ya vita vya wanamgambo vya mwezi Mei, na mji ukawaelemea. Ilibidi askari wa Umoja wa Ulaya, kwa operesheni iliyoitwa Artémis, waje mwezi Juni ndipo watu waanze kurudi majumbani. Wanaolinda wakizidiwa, hakuna familia inayopona, iwe ya tajiri au ya maskini.

Mnakumbuka pia asubuhi ya tarehe 4 Septemba 2020? Watu wenye silaha wa kundi la CODECO waliingia mjini wakatembea mpaka gereza kuu wakidai wenzao wafunguliwe. Maduka yalifungwa, wazazi wakakimbilia watoto, barabara zikanyamaza. Watu wale waliondoka baada ya mazungumzo. Sisi siku ile tulikuwa na milango ya kufunga. Polisi na askari hawakuwa na mlango wa kufunga. Kazi yao ilikuwa kubaki barabarani.

Na wakati wa Ebola, tangu ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri. Waganga walifanya kazi kubwa, na tuliwasifu, ilikuwa haki yao. Lakini kwenye vizuizi vya kunawa mikono na kupima homa, na kwenye mazishi ambako familia zilikuwa na uchungu na hasira, palikuwa pia na polisi. Nao walikuwa wanaogopa kama sisi.

Basi, shukrani yetu iwe ya namna gani?

Nianze na isiyofaa. Shukrani isiwe matabishi. Ukimtia polisi noti mkononi ili akupishe bila kofia ya moto au bila karatasi, hujamshukuru. Umemfanya aiache kazi yake kidogo, na wewe umebaki na kichwa kisicho na kofia. Mshahara wake ni deni la serikali, na ni haki yetu sote kuomba umfikie kwa wakati na umtoshe. Tunachoweza kumpa sisi ni kitu kingine: kumpunguzia kazi.

Tuanze nyumbani. Mama mpendwa, baba mpendwa, mtoto anapokataa kula, unamwambia nini? Wengi wetu tunasema, “Nitaita polisi akukamate.” Mtoto anakua akijua polisi ni mtu wa kukimbiwa. Siku atakapopotea sokoni, atamkimbia yule yule ambaye angemrudisha kwako. Tumwambie tangu mdogo: ukipotea, tafuta mwenye sare, mtajie jina lako na la kartie yenu. Kuna kitengo cha polisi wetu kilichowekwa kwa ajili ya kulinda watoto na wanawake. Binti zetu wakijue, na wajue kwamba kukiendea si aibu kwa ukoo.

Kisha jirani. Polisi wengi wanaofanya kazi hapa wametoka mbali, Kasai, Équateur, Kinshasa. Wanazungumza Lingala, Kiswahili chetu wanajifunzia barabarani, na nyumba wanapanga kama mpangaji mwingine yeyote. Mke wa polisi akifika mtaani, je, amekaribishwa kwenye kikundi cha akina mama? Mtoto wake ana rafiki wa kwenda naye masomoni? Mumewe akipelekwa Djugu au Irumu kwa wiki kadhaa, kuna anayepita kumuuliza kama watoto wamelala vizuri? Hapa ndipo naona tuna nafasi kubwa kuliko tunavyodhani. Mtu hukilinda kwa moyo kile anachokiona ni chake, na sisi ndio wa kumfanya aione Bunia kuwa yake.

Kazini nako kuna la kufanya. Ndugu mwanamoto, polisi wa barabara akiinua mkono pale rond-point, simama mara moja. Amesimama kwenye vumbi na moshi tangu asubuhi ili wewe usigongwe. Mwenye duka, ukiona mtu usiyemfahamu anazunguka usiku, mwambie shefu wa avenyu, naye apeleke habari kwenye kituo cha polisi, sous-ciat, badala ya kuirusha WhatsApp ikapanda mpaka ikawa vita. Habari moja ya uongo inaweza kuwaamsha polisi wa mji mzima kwenda kutafuta kitu ambacho hakipo, huku kwingine mtu anaibiwa. Na mwizi akikamatwa, tumkabidhi akiwa hai. Kumpiga na kumchoma kunampa polisi maiti, familia mbili zenye kilio na uchunguzi usiokwisha.

Sasa nije kwenye moto, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo zaidi.

Bunia yetu haina kikosi cha wazimamoto kama cha Kampala au Nairobi. Nyumba ikiwaka, wa kwanza kufika ni majirani wenye ndoo, vijana wanaopanda juu ya paa kung'oa mabati, mama wanaotoa watoto wa wengine kabla ya vitu vyao wenyewe. Hao ndio wazimamoto wetu. Wengi hawajawahi kuitwa jina hilo wala kupewa asante mbele ya watu. Katika kila kartie wapo wawili watatu ambao moto ukitokea, tunajua watakuja. Wewe unawajua wa kwenu?

Dunia nayo hukumbuka watu kama hao: Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto huadhimishwa tarehe 4 Mei. Ilizaliwa na msiba wa Linton, Australia, ambako tarehe 2 Desemba 1998 wazimamoto watano walikufa upepo ulipogeuka na moto ukawafunika. Wote watano walikuwa watu wa kujitolea. Na hapa jirani, Tanzania, ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifikia na kusaidia kuwatoa watu. Watu 19 walikufa, lakini 24 waliokoka. Serikali ikamwingiza Majaliwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nimefurahi sana nchi ile ilivyomshukuru: ilimpa mafunzo na sare.

Nasi vijana wetu wa ndoo tunaweza kuwashukuru kwa namna hiyo, kadiri ya uwezo wetu. Parokia, misikiti, vyuo vyetu na radio za hapa zinaweza kuomba wataalamu wawafundishe mambo ya kwanza. Kwa mfano, mafuta ya petroli yakiwaka hayamwagiwi maji, maana maji huyasambaza. Hufunikwa kwa mchanga. Aliyeshikwa na moto mwilini asikimbie, alale chini na kujiviringisha. Umeme uzimwe kwenye chanzo kabla mtu hajamwaga maji.

Na tuwapunguzie moto wenyewe. Mafuta tunayouza kando ya njia kwenye chupa na bido, yakae mbali na mbabula ya mama wa chapati, na yasilale ndani ya chumba cha watoto. Makala yazimwe kabisa kabla ya kulala, maana hata yasipounguza nyumba, hewa yake huua ndani ya chumba kilichofungwa. Mshumaa usiachwe na mtoto peke yake. Wakati wa kiangazi, majani yakikauka na upepo ukivuma, atakayechoma takataka asimame hapo hapo mpaka zizimike. Kule Kigonze, ambako ndugu zetu waliokimbia vita wanaishi katika vibanda vilivyobanana, cheche moja ni hatari kwa familia nyingi. Anayepeleka msaada huko afikirie pia mapipa ya maji na ndoo za mchanga.

Kuna jambo moja tunaweza kulifanya bila kusubiri mtu yeyote. Je, gari la maji linaweza kuingia kwenye avenyu yako? Katika sehemu nyingi za mji tumejenga mpaka katikati ya njia, tumerundika mbao na mawe, kibanda juu ya kibanda. Hakuna aliyekusudia mabaya, kila mtu alitafuta nafasi ya kuishi. Lakini siku ya moto, msaada ukija hautapita. Salongo, kazi ya pamoja, ni yetu tangu zamani. Tunafyeka majani, tunazibua mitaro, ni vizuri. Tufungue pia njia.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu, wiki hii mfanye mambo mawili. Mtafute polisi wa kartie yenu, mumsalimie, mjue jina lake naye ajue lenu. Kisha, kabla ya salongo ijayo, mketi na shefu wa avenyu na wale vijana wa ndoo, mpite pamoja kwenye vichochoro, mwamue ni kitu gani kitaondolewa njiani kwanza.