Shali katika joto letu, ya nini?



Siku ya posho iliyopita, tukiwa tumekaa na sindano mkononi, mama mmoja aliuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: "Goma na Bukavu kuna baridi. Lakini hapa Obokote, shali hii nani ataivaa?" Tulicheka, lakini swali ni la haki. Leo tunalijibu.

Shali ni kazi ya kwanza kwa sababu haina mkono wala shingo. Ni kipande kilichonyooka: mishono ileile kwenda, mishono ileile kurudi. Anayeweza kushika upana wake mpaka mwisho amekwisha kujua nusu ya kazi. Na kipande hicho hicho, ukikikatisha mapema, kinakuwa kofia ya mtoto mchanga.

Tunakumbuka ule usiku wa mvua mwenzetu alipozaa mbele ya siku zake. Nguo za mtoto zilikuwepo, lakini ya kichwani hakuna. Tulimfunga kipande cha kitenge, kikateleza, tukafunga tena, hivyo mpaka asubuhi. Mtoto alipona, leo anatembea. Lakini tulijiambia: isiwe tena.

Mtoto mchanga ametoka tumboni akiwa na maji mwilini, na kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili. Joto linamtoka upesi, hata katika nchi ya joto. Aliye chini ya kilo 2,5 ndiye wa hatari zaidi. Huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, waganga walikosa mashine za kutosha za kuwapasha moto watoto wadogo, wakawaweka kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo imeenea duniani, na mwaka 2022 OMS ilishauri ianze mara tu mtoto anapozaliwa. Mtoto anayebebwa hivyo anavaa vitu viwili au vitatu tu: kitambaa cha haja, soksi, na kofia.

Basi tufume hivi:

Uzi usinunuliwe bado. Fumua triko kuukuu ya sufu laini, fua uzi, uanike ukivutwa na kitu kizito ili unyooke. Sindano mbili za mwanzi zitoshe, unene kama nusu ya kalamu, zikisuguliwa vizuri zisikwaruze uzi.

Anza na mishono 32. Fuma mistari kumi, kisha pima na rula ya mtoto wa shule. Tunataka upana wa sentimita 16. Ikizidi, fumua, punguza mishono, ikipungua, ongeza. Endelea mpaka urefu wa sentimita 32, ufunge mishono. Kutanisha ncha mbili, shona. Pitisha uzi kwenye ukingo wa juu, vuta, funga kwa ndani. Kofia imekwisha. Anayetaka shali asisimame hapo, aendelee mpaka mita moja. Wanaosafiri kwenda Bukavu watainunua.

Tuangalie mambo matatu. Kofia isiwe na kamba ya kufunga shingoni, wala pini, wala kifungo. Ifuliwe kabla ya kuvaliwa. Na mchana jua likiwa kali, mguse mtoto kifuani: akitoka jasho, mpunguzie nguo. Kofia haichukui nafasi ya mkunga. Mtoto mdogo sana apelekwe materinite, kofia ikiwa kichwani, yeye kifuani kwa mama.

Siku ya posho ijayo kila mmoja alete kofia moja, hata kama mstari mmoja umepinda. Mama yeyote wa kikundi mwenye mimba ya miezi saba atapewa yake, aiweke pamoja na vitenge vya kujifungulia. Mvua ya usiku haitukute tena na mikono mitupu.

Tukutane juma lijalo.